Ampea Kumi na Tano

Orest alifika Jumanne, wiki ya pili ya Novemba,
akirudi kinyumenyume juu ya changarawe
mara nne, mara tano,
hadi trela yake ikakaa upande,
imeegemea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja.
Hakubisha hodi. Aliniuliza dirishani:
"Una soketi?"

Miaka sita hatujasemezana
na neno la kwanza ni soketi.

Ninayo, gerejini, nyuma ya koleo la theluji.
Trela imezoea ampea thelathini,
ina plagi ya meno mazito, pana kama ngumi.
Ukuta wangu unatoa kumi na tano, basi.
Akachomoa mfukoni adapta ya manjano,
mkalimani mdogo wa plastiki,
na waya wa rangi ya chungwa, ule wa mashine ya kukatia nyasi.
"Huo mwembamba," nikasema.
Wembamba wa reli, treni inapita,
lakini reli haijawahi kuunguza gereji ya mtu.
Nikamrudisha mjini Canora akanunue mnene.

Usiku ule akawasha hita.
Kisha akataka chai.
Giza.

Nikashuka chini kwenye kisanduku cha umeme
ambako mwandiko wa baba bado upo, kwa penseli:
JIKO. PAMPU YA KISIMA.
GEREJI NA FRIZA, USICHEZEE.
Baba yetu, Metro, hakuacha wosia.
Ndiyo maana mimi nina nyumba
na Orest ana magurudumu.
Aliacha kisanduku hiki tu, na penseli iliyofungwa kwa uzi.
Nikarudisha swichi. Tak.

Tukawekeana sheria bila kuketi kikao:
hita au birika, achague.
Akichemsha maji, anatetemeka.
Akiota moto, ana kiu.
Na mimi kila alfajiri, kabla sijavaa glavu,
naigusa plagi kwa mgongo wa mkono
kama unavyopima paji la mtoto mwenye homa.
Vuguvugu. Sawa.
Ingekuwa ya moto ningemwita.
Ilikuwa vuguvugu, kwa hiyo sikumwita.

Halafu zikashuka nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Friza nayo, kila ikiamka kupoza, inamnyang'anya.
Swichi ikaruka saa saba usiku,
ikaruka saa tisa,
na saa kumi nikamkuta kwenye theluji,
koti la baba juu ya nguo za kulalia,
tochi imeng'atwa menoni.
Akaitoa kinywani ili aseme:
"Mzee alifunga vya bei rahisi."
"Mzee alifunga alivyokuwa navyo."
Ugomvi wa miaka sita, wote ulikuwa huo.
Hata mbwa hakuamka.

Nikasimama pale, soksi zimelowa,
nikiisikiliza friza ikinguruma ukutani,
inakula umeme itafute baridi,
na baridi imejaa hadi mlangoni, bure, haina mita.

Nikaitoa nyama.
Mapaja ya kulungu, soseji za jirani Verna,
mifuko ya beri za Julai iliyogandana kama mawe;
masanduku manne nikayapanga barazani,
tofali juu ya kila moja kwa ajili ya mbweha.
Friza nikaichomoa.
Ilikohoa kidogo, ikanyamaza.

Asubuhi dirisha la trela lina mvuke
na ndani wekundu wa hita, vyote pamoja.
Orest akatoka na kikombe.
"Umetengeneza?"
"Nimetengeneza."
Akaitazama baraza. Akayatazama matofali.
Akaweka kikombe chini, kwenye theluji, kikazama kidogo,
akaenda nyuma ya gereji
akarudi na matofali mengine manne,
maana moja, alisema, mbweha wa huku hulicheka.

Machi nyama itaanza kulainika,
itataka ampea zake.
Machi bado.